Mbwa mmoja, wenyewe wawili: akae kwa nani, na nani aitike akiumwa?

Jeki tulimchukua mimi na mwenzangu akiwa mdogo wa kuenea kwenye kapu la sokoni. Wakati huo tulikuwa tumepanga pamoja Sinza, hapa Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, na nyuma ua wenye mwarobaini mmoja. Miaka mitatu baadaye mwenzangu akaolewa, akahamia Kimara. Vyombo, jiko la gesi na mapazia tuligawana asubuhi moja na hakuna aliyenuna. Jeki alikuwa amelala kizingitini, kidevu juu ya miguu yake ya mbele, na hapo ndipo tulipokwama. Mwenzangu ndiye aliyekesha naye alipokuwa mtoto anaharisha. Mimi ndiye niliyelipia chanjo za mwanzo. Nani angeondoka naye?

Tangu wakati ule hadi leo tumeishi na Jeki kwa namna tatu: nyumba moja, nyumba mbili kwa zamu, na sasa anakaa kwangu huku mwenzangu akichangia. Kila namna nimeiona inavyosaidia na inavyoumiza. Naandika kwa ajili ya walio kwenye kizingiti kile kile: wapangaji wawili, ndugu walioachiwa mbwa wa marehemu baba, mama na binti anayekwenda chuo, wachumba walioachana lakini hakuna aliye tayari kumwacha paka.

## Mpime kwa lipi

Kabla ya yote kuna swali la mlangoni. Je, nyumba zote zinazohusika zinampokea mnyama? Mwenye nyumba anaweza kukataa mbwa hata kama mkataba haukusema kitu, na ukishalipa kodi ya miezi sita kuhama si jambo jepesi. Penye ua wa pamoja kuna majirani. Huku pwani wengi wao ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mtu anayetawadha kwa maji ya ndoo iliyo uani ana haki ya kuwa na uhakika kwamba mbwa hajailamba. Paka hana kikwazo hicho. Mwendee jirani mapema, mzungumze, kabla mbwa hajafika. Nyumba moja ikigoma hapa, habari ya zamu imekwisha.

Mkivuka hapo, pimeni mambo manne.

La kwanza ni mnyama mwenyewe: atalala wapi, atakula saa ngapi, atabaki peke yake muda gani. La pili ni pesa, na msihesabu chakula peke yake. Kuna chanjo ya kila mwaka, dawa ya minyoo ambayo madaktari wengi hushauri kila miezi mitatu, dawa ya kupe, na siku ya dharura. La tatu ni ugonjwa na maamuzi: akitapika usiku wa manane, nani anasema apelekwe, na nani anasema imetosha? La nne ni mambo yakibadilika, yaani ndoa, uhamisho, mtoto mchanga, ugomvi. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13 hivi, na paka wa ndani hufika 15 na kupita. Mkataba wa pango haufiki huko.

Kwangu mimi la tatu ndilo zito kuliko yote, na sababu yake ipo kwenye namna ya kwanza.

## Namna ya kwanza: nyumba moja, kazi mnagawana

Mnyama mwenyewe. Kwake hii ndiyo hali nyepesi. Banda ni lile lile, harufu ni zile zile, na mmoja akiwa kazini mwingine huenda yupo. Jeki alijua mlio wa funguo zetu sote wawili. Alikuwa anasimama kabla ufunguo haujaingia kitasani. Usumbufu wake ni kulishwa mara mbili. Mwenzangu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri, anamwachia ugali na dagaa. Mimi naamka saa moja, namkuta amekaa mbele ya sufuria iliyolambwa ikang'aa, namwonea huruma, namwekea tena. Akanenepa hadi mbavu hazishikiki. Mwishowe tuliweka kibanio cha nguo kwenye wavu wa dirisha la jikoni: aliyemlisha anakihamishia upande wa pili. Kibanio kile kilimaliza jambo ambalo tulikuwa tumelisemea miezi miwili.

Pesa. Ni rahisi kuanza na ni rahisi kuvurugika. Manunuzi ya mnyama yanachanganyika na ya nyumba. Leo mmoja ananunua vichwa vya kuku, kesho mwingine dagaa, na mwisho wa mwezi kila mmoja anaamini ametoa zaidi. Kilichotufaa ni kibubu. Mshahara ukiingia kila mmoja anatumbukiza kiasi sawa, na hakivunjwi ila kwa chanjo au daktari. Chakula kiliendelea kuwa hesabu ya jikoni.

Ugonjwa na maamuzi. Hapa ndipo tulipoanguka. Mkiwa nyumba moja, jambo lisilofanyika linaonekana kama limefanyika, kwa sababu daima kuna mtu wa pili ambaye huenda amelifanya. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Mwaka ule mimi nilijua mwenzangu amempeleka, naye alijua nimempeleka mimi.

Jioni moja mtoto wa jirani, wa miaka saba, aliingiza mkono kuchukua mpira uliokuwa chini ya kifua cha Jeki, na Jeki akamng'ata kiganjani. Vitundu viwili na damu kidogo. Mama yake aliniuliza neno moja tu: "Amechanjwa?" Nikaingia ndani, nikafungua droo, nikatoka na kadi. Mhuri wa mwisho ulikuwa wa miezi kumi na tisa nyuma. Nilisimama mbele ya yule mama nimeshika kadi, na sikuwa na la kumwambia.

Tuliuosha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukaenda hospitali usiku ule ule akaanza sindano. Jeki alifungwa chini ya mwarobaini siku 10 akiangaliwa, kwa kuwa mbwa aliyekuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku aliyong'ata huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Nilikuwa naamka usiku na tochi kutazama kama bado anakunywa maji. Alitoka mzima, na mtoto pia ni mzima. Lakini ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vya watu kama 59,000 kwa mwaka, vingi Afrika na Asia, na karibu vyote vinatokana na kung'atwa na mbwa. Mtoto yule angeweza kuwa mmoja wao kwa sababu watu wazima wawili tulidhaniana.

Tangu hapo nyuma ya kadi pameandikwa jina la mtu mmoja kwa kila jambo. Chanjo ni yangu. Minyoo na kupe ni vya mwenzangu. Hakuna penye "sisi".

Mambo yakibadilika. Nyumba moja huvunjika kwa siku moja, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuuliza mbwa ni wa nani mpaka siku ya kufunga virago. Ulizaneni siku mnayomleta. Inauma kidogo siku hiyo, lakini bado mnacheka pamoja.

Namna hii inawafaa wapangaji wenye saa tofauti za kazi, ndugu wanaoishi kwao, na wanandoa. Haiwafai wawili ambao mmoja anamtaka mnyama na mwingine anamvumilia. Anayevumilia atachoka, na atakayeona uchovu huo wa kwanza ni mnyama.

## Namna ya pili: nyumba mbili, kwa zamu

Mnyama mwenyewe. Mbwa hushikamana zaidi na watu, paka hushikamana zaidi na mahali, na tofauti hiyo inaamua mengi hapa. Mbwa mzima, mtulivu, anayewapenda wote wawili, anaweza kuizoea zamu. Mtoto asiyemaliza chanjo za mwanzo asizungushwe. Bado anajifunza pa kujisaidia na mwili wake haujapata kinga. Mbwa mzee naye aachwe alipozoea. Mbwa wa ulinzi pia, maana kila akianza kulijua geti anahamishwa. Paka ni habari nyingine kabisa: akipelekwa nyumba mpya anatakiwa afungiwe ndani wiki mbili au zaidi kabla ya kuachiwa, la sivyo ataondoka kurudi alikotoka na njiani kuna magari. Zamu ya wiki moja moja kwa paka anayetoka nje haiwezekani kihesabu.

Jeki alipofika Kimara mara ya kwanza alilala getini siku mbili, pua ameisokomeza kwenye uwazi wa chini. Mambo matatu yalimsaidia. Blanketi lake lilisafiri naye bila kufuliwa. Chakula kilikuwa kile kile pande zote mbili, kwa kuwa mbwa akibadilishiwa chakula ghafla huharisha. Ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki. Na tukaacha zamu za siku tatu tatu, tukaweka wiki mbili mbili.

Halafu kuna safari. Konda wa daladala hatakupakia na mbwa. Tulimpata dereva mmoja wa bajaji aliyekubali, nasi tukawa tunatandika gunia na kumwongezea nauli. Mara moja tulikwama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, jua limesimama, Jeki anahema ulimi nje hadi mate yanadondoka sakafuni. Tangu siku ile tukahamishia safari Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Kama ninyi mna gari, hili halitawasumbua. Kama hamna, lihesabuni kabla hamjakubaliana.

Pesa. Gharama inapanda: mabakuli mawili, mabanda mawili, nauli. Lakini mgawanyo wake ni mwepesi kuliko namna zote. Kila mtu anamlisha kwenye zamu yake, na chanjo na daktari ni nusu kwa nusu. Katika mwaka na nusu wa zamu sikumbuki tukibishana hata mara moja juu ya pesa.

Ugonjwa na maamuzi. Hatari ya zamu ni kwamba dalili zinagawanyika. Ijumaa kwangu Jeki aliacha nusu ya chakula, nikasema joto. Jumapili akahama. Jumatatu mwenzangu akamwona amejikunja pembeni, akasema ugeni. Jumanne fizi zilikuwa nyeupe na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Ilikuwa homa ya kupe. Mtu mmoja aliyemwona siku zote tano angeshtuka Jumamosi. Daktari aliwahi kumtibu, lakini alituambia waziwazi kwamba siku mbili zaidi zingekuwa nyingi.

Kinyume chake pia hutokea, dawa kutolewa mara mbili kwa sababu kila nyumba inadhani nyingine imesahau. Tiba ya yote mawili kwetu ilikuwa daftari dogo lililosafiri na mbwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi: tarehe, amekula kiasi gani, choo, dawa, kipimo, uzito. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Tukachagua pia daktari wa mifugo mmoja kwa nyumba zote mbili.

Mambo mawili mengine yaandikeni mwanzoni mwa daftari. Akimng'ata mtu, zamu inasimama na anabaki alipo siku 10. Na kama moja ya nyumba hizo ina paka, angalieni dawa ya kupe mnayompaka mbwa, maana zile zenye permethrini huua paka, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita.

Mambo yakibadilika. Zamu hutoa taarifa kabla haijafa. Mtu anaanza kusema, "Wiki hii nimebanwa, kaa naye kidogo." Ikisemwa mara tatu mfululizo, zamu imekwisha, na ni heri mkae mlitamke kuliko mmoja kubaki na mbwa huku mwingine bado anajiona wa nusu. Kwetu sababu ilikuwa njema. Mwenzangu alijifungua, na shemeji, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekubali mbwa uani lakini si ndani, akaona nyumba imeshakuwa ndogo. Sikumlaumu.

Zamu inawafaa wawili wanaokaa karibu, wanaozungumza vizuri, wenye mbwa wa umri wa kati na nyumba mbili zinazomkubali. Kwa walioachana na bado wana machungu naiogopa. Kila makabidhiano ni kuonana, na nimeona mbwa akigeuzwa kisingizio cha kufuatana.

## Namna ya tatu: anakaa kwa mmoja, mwingine anachangia

Jambo hili si geni kwetu. Uchagani, Usukumani na kwingineko watu wamekabidhiana ng'ombe tangu zamani. Anayemlisha hupata maziwa na samadi, mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na ndama wakizaliwa, na kila mmoja anajua zamu ya lawama ni ya nani ng'ombe akifa. Mbwa na paka hawatoi maziwa, lakini mpango wa wazee una kitu ambacho wengi wetu tunakiruka: kazi ya mlishaji ilihesabiwa kuwa ni mchango, na ilikuwa na malipo yake.

Mnyama mwenyewe. Anapata utulivu wa nyumba moja na anapoteza mtu mmoja. Kwa paka hasara hiyo ni ndogo. Kwa mbwa inategemea matembezi. Mwenzangu alipokuwa anakuja bila mpango, mara mbili kwa wiki kisha kimya cha mwezi, Jeki alikuwa anakaa getini jioni nyingi. Tulipoweka siku moja inayojulikana, akatulia. Mchangiaji asiyeweza kuja mara kwa mara asijilaumu. Aje mara chache lakini kwa ratiba, na akija amtembeze yeye, amwogeshe yeye, asiketi kama mgeni wa soda.

Pesa. Hapa ndipo panapozaa manung'uniko ya chinichini. Mchangiaji anatuma pesa asizoziona zikitumika. Mtunzaji anatoa muda usioandikwa popote: kuzoa kinyesi, kupika, kukatisha safari ya Krismasi kwa sababu hakuna wa kumwachia. Msigawane kwa asilimia, gawaneni kwa majukumu. Kwetu chakula na kazi zote za kila siku ni zangu, chanjo, dawa na daktari hulipa yeye. Nikilipia kwanza namtumia picha ya risiti, anarudisha kwa simu jioni ile ile. Sipigi hesabu nani katoa zaidi, naye hapigi.

Ugonjwa na maamuzi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayelala nyumba moja na mnyama ndiye atakayesikia akikohoa, na ndiye apewe mamlaka ya usiku. Wekeni kiasi ambacho mtunzaji anaweza kutumia bila kuuliza. Kikizidi hapo apige simu. Simu isipopokelewa kwa muda mliokubaliana, aamue na mwingine asimlaumu baadaye. Mchangiaji naye asitoe tiba kwa simu. Parasetamoli ambayo sisi tunameza kwa maumivu ya kichwa, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, na ushauri wa namna hiyo hutolewa na watu wenye nia njema kabisa.

Kuna uamuzi mmoja ambao usiachwe kwa mtunzaji peke yake, ule wa kumpumzisha mnyama kwa sindano wakati hakuna tena matibabu ila maumivu. Uzungumzeni akiwa bado mzima. Sisi tuliuzungumza Jeki akiwa anatafuna kiatu cha mtoto wa mwenzangu, na tulikubaliana wote wawili tuwepo, na kama daktari akisema anateseka, asisubirishwe kwa ajili ya yule aliye mbali.

Mambo yakibadilika. Mwelekeo wa namna hii ni mmoja: taratibu mtunzaji anakuwa mwenyewe. Hilo si wizi, ndivyo maisha yanavyokwenda. Kinachoumiza ni kutolisema. Andikeni kwamba michango ikikatika kwa miezi kadhaa bila maelezo, mnyama ni wa mtunzaji. Andikeni pia mtunzaji akishindwa, mchangiaji ndiye wa kwanza kuulizwa kabla ya kumpa mtu baki. Na kama ni jike, semeni mapema habari ya watoto: mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na watoto sita wakishakuwa chini ya meza si wakati wa kujadili ni wa nani. Kumfunga uzazi kunamaliza mjadala huo, na gharama yake mnaigawana mara moja tu.

Inawafaa wanaokaa mbali, wenye paka, wenye mbwa mzee au wa ulinzi, na wawili ambao mmoja ana uwanja na mwingine ana mshahara. Haimfai mtu anayetaka mnyama kwa ajili ya kuwa naye. Pesa haimlambi mtu mkono jioni akirudi.

## Wa tatu asiyetajwa

Katika nyumba nyingi za hapa mjini, wawili wanajadiliana namna ya kugawana mnyama, na anayemlisha kweli ni dada wa kazi au mlinzi. Yeye ndiye anayejua tangu lini mbwa anachechemea. Vyovyote mtakavyochagua, mwiteni kwenye mazungumzo, mwonyesheni kadi ya chanjo, mpeni namba ya daktari, na kama kazi imeongezeka, ongezeni malipo. Mwambieni pia asitupie mbwa mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vikali na kuchoma utumbo. Wengi hawajui hilo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

## Je, kuna sheria?

Kwa wanaoishi ughaibuni, jibu linatofautiana. Hispania, tangu Januari 2022, sheria inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na wanandoa wakitengana hakimu anaweza kuamua akae kwa nani, au kwa wote wawili, akizingatia pia ustawi wake. California nayo tangu 2019 inamruhusu hakimu wa talaka kuangalia matunzo ya mnyama. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hiyo inahusu matunzo na ukatili. Kwa wapangaji wawili wa Sinza, kinachowafunga ni karatasi waliyoandikiana. Ukurasa mmoja, sahihi mbili, picha yake kwenye simu za wote. Kuandikiana si kutoaminiana.

## Kwa hali yako

Kama mnaishi pamoja na hakuna anayetarajia kuhama, kaeni na namna ya kwanza, lakini leo hii fungueni kadi ya chanjo mwangalie tarehe, kisha andikeni jina la mmoja mmoja kwa kila jambo.

Kama mmoja anahama na mnakaa mtaa mmoja au safari ya nusu saa, na mnyama ni mbwa mwenye afya, jaribuni zamu ya wiki mbili mbili kwa miezi mitatu. Mwangalieni yeye. Akipungua uzito, akiacha kucheza, au akikataa kuingia garini, amewajibu.

Kama mnyama ni paka, mwacheni kwenye nyumba anayoijua hata kama anayebaki humo ndiye aliyempenda kidogo kuliko mwenzake, mradi atamtunza. Anayehama aje kumwona.

Kama mmeachana kwa machungu, mmoja amchukue moja kwa moja na mwingine aage vizuri. Najua maneno haya ni magumu kusoma. Mchangiaji anaweza kurejea baada ya mwaka, mioyo ikitulia. Niliwaona wawili waliofanya hivyo na mbwa alimkumbuka.

Kama ni ndugu mlioachiwa mbwa wa mzazi, apewe anayebaki kwenye nyumba ya mzazi, na wengine wachange kwa majukumu. Mbwa huyo ameshapoteza mtu wake, asipoteze na ua.

Na kama bado hamjui, chukueni namna ya tatu kwa miezi mitatu, kwa kuwa ndiyo inayomsumbua mnyama kidogo mnapokosea. Wekeni na siku ya kukaa chini kila mwezi. Yetu ni Jumapili ya kwanza, saa kumi jioni. Mwenzangu anakuja na mtoto, tunamwogesha Jeki dawa ya kupe chini ya mwarobaini, na akiwa bado analowa maji tunafungua kadi tuone inayofuata ni lini, na jina la nani.